Mwanga wa Chumba cha Mugole

Nyaishozi, Karagwe
4 Desemba 1955

Kaka yangu mpendwa Cassian,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa siku utakayosahau kuniandikia. Huku hatujambo. Baba na mama kule Mabira ni wazima. Baba alipita juzi akitoka kuuza kahawa, akanisalimia kutoka uani bila kuniona, nami nikamwitikia kutoka ndani kama sauti ya redio. Senene zimeanguka nyingi mwaka huu, na mama mkwe amenikaangia mpaka naona haya.

Wiki ya tatu hii tangu niolewe, Kaka, na bado sijazoea kufurahi. Yustus akirudi kutoka shuleni kufundisha, hukohoa mara mbili akiwa bado kwenye migomba ili nijue ni yeye. Sikujua kwamba kikohozi cha mtu kinaweza kupendeza. Jana aliniletea chaki nyekundu mfukoni, bila sababu yoyote, akasema iliniwakilisha darasani siku nzima.

Umekaa Bukoba miaka sita, labda umesahau mambo yetu. Bibi arusi, yaani mugole, hatoki. Halimi, hachoti maji, haonekani na wapita njia, hukaa chumbani akila na kunenepa mpaka siku mama mkwe atakapomtoa mwenyewe mbele ya watu. Kwa hiyo zile picha nane za filamu uliyoniwekea kwenye kamera ya sanduku, zawadi yako ya harusi, nimezipiga zote nikiwa humu humu ndani. Yustus ameikabidhi filamu kwa dereva wa basi.

Sasa neno lenyewe. Nataka kujifunza kazi yako. Siku ya harusi nilikuona ukimgeuza Yustus bega, ukaninyanyua kidevu kwa kidole kimoja, na umati wote uliokuwa ukipiga vigelegele ukanyamaza. Tangu hapo nawaza. Mwanamke wa Nyaishozi au Chonyonyo akitaka picha, lazima apande lori siku nzima mpaka Bukoba, na wengi hawaendi, kwa maana waume zao hawapendi mwanamume mgeni awanyanyue wake zao kidevu. Mimi naweza kuwapiga. Yustus anasema chumba cha mbele cha nyumba tutakayojenga kitakuwa cha picha, na ameshachora mlango wake.

Tafadhali zungumza na Bwana Menezes wako wa duka la picha. Mwulize kama atanichukua nijifunze dukani kwake.

Mdogo wako mwenye heri kuliko wote,
Kokuhirwa


Bukoba
2 Januari 1956

Mpendwa Kokuhirwa,

Marahaba, na ile ya akiba nimeipokea pia. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji yangu mwenye kikohozi. Mimi ni mzima. Shangazi Adelgunda ninayekaa kwake anakusalimu, na anasema kama umenenepa basi utume picha, asiambiwe kwa mdomo tu.

Nimesafisha filamu yako. Picha saba ni za Yustus. Ya nane ni ya kuku, na katika wote wawili kuku ndiye aliyetulia. Shemeji anacheka kila mara, na anapocheka hutikisika, na anapotikisika wewe pia hutikisika. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba nyuso zote ni nyeusi kama masizi ya chungu, na nyuma yao mlango umewaka kama nyumba inayoungua. Mtu akiupa mwanga mgongo, kamera itaona mwanga na kumsahau mtu. Mgeuze autazame mwanga. Wanafunzi wengi hapa hulielewa hilo miezi yao ya mwisho.

Bwana Menezes huchukua mwanafunzi mmoja kila mwaka, kuanzia Mei, kwa miezi sita. Hasikilizi maombi ya mdomo. Anataka picha moja tu: uso wa mtu mzima wa miaka mingi, umepigwa kwa mwanga wa mlango au dirisha, kila mkunjo uonekane na macho yawe hai. Iwe mezani kwake isizidi tarehe kumi na nne Aprili. Akiipenda, aliyeipiga ana nafasi. Asipoipenda, hakuna mwaka huu, na mwaka ujao anasema atapumzika kufundisha.

Mimi mwenyewe nilipata nafasi kwa picha ya babu yetu akimenya ndizi. Ilinichukua filamu sita.

Nina swali. Miezi sita ni mingi kwa bibi arusi. Mama mkwe wako amesemaje?

Kaka yako,
Cassian


Nyaishozi
29 Januari 1956

Kaka Cassian,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki mbili dukani Nyaishozi chini ya mzani wa sukari, ndipo mwenye duka akaikumbuka. Mama kule Mabira alikuwa na homa, sasa amepona na anapalilia. Ng'ombe wa Baba amezaa ndama mwenye paji jeupe.

Yustus alinisomea barua yako kwa sauti, akafika penye kuku, akaketi chini kwa kicheko. Kaka, nikwambie jinsi anavyocheka. Huanza kimya, mabega tu, halafu macho hujaa maji, halafu hushika kitu kilicho karibu, na siku hizi kitu kilicho karibu ni mimi. Ningependa kumpiga picha akiwa hivyo hivyo, lakini nimeelewa kwamba haiwezekani, kwa hiyo namwangalia tu kwa bidii.

Nimejifunza mwanga kama nilivyojifunza ramani sekondari. Chumba changu hakina dirisha, kina mlango tu. Saa moja asubuhi mwanga uko kizingitini. Saa tatu umefika katikati ya mkeka wangu, mweupe na laini kama uji. Saa sita unarudi nje. Saa kumi unakuja tena kutoka ubavuni, rangi ya pombe mpya ya rubisi, lakini hauna nguvu. Saa tatu ndiyo saa yangu.

Shida ni hii. Mimi nakaa ndani, na kila ajaye kunisalimu hukaa mlangoni akinitazama. Ndivyo ilivyo heshima. Nikimwambia ageuke atazame nje, atanipa mgongo, na kumpa mugole mgongo ni kumkataa. Na mimi siwezi kutoka nje ili nimpige akitazama nje. Kwa hiyo nyuso zote nitakazopata ni masizi, mpaka nitolewe, na sijui nitatolewa lini.

Uso ninaoutaka ni wa mama mkwe. Majirani humwita Ma Xaveria. Amebaki mjane na mtoto mmoja tu, huyu Yustus, na mikunjo yake imepangika kama matuta ya viazi kilimani. Akisikiliza habari hufumba jicho moja kidogo. Nikimtazama najua nitakavyomwona Yustus akizeeka, na natamani miaka ipite na isipite.

Chaki nyekundu nimeimaliza kuchora mwanga ukutani, saa kwa saa.

Dada yako anayependwa,
Kokuhirwa

Nilisahau. Je, Bwana Menezes anajua kuwa anayemwomba nafasi ni mwanamke?


Bukoba
20 Februari 1956

Mpendwa Kokuhirwa,

Samahani kwa kuchelewa. Watu wameoana hapa mjini kama waliopigiwa kengele, na kila harusi inataka picha kumi na mbili. Shangazi ameteguka mguu lakini anaendelea kwenda kanisani ili watu waone ameteguka.

Kuhusu giza la chumba. Katika mwanga hafifu usiibane kamera tumboni ukabofya tu. Iweke juu ya kigoda, vuta kile kijiti cha juu ili jicho lake libaki wazi, hesabu, kisha ulifunge. Bwana huhesabu kwa saa. Mimi, kwa kuwa sina saa, huhesabu kwa Baba Yetu, polepole kama kanisani. Kwa mlango kama wako saa tatu asubuhi, fungua unapoanza na ufunge ukifika "ufalme wako ufike". Anayepigwa asitikisike hata kidogo.

Ukija utaona chumba cha giza, dada. Taa nyekundu, harufu kama ya siki, karatasi nyeupe ndani ya maji ya dawa. Unaitikisa sinia taratibu na hakuna kitu. Halafu macho yanakuja, macho kwanza, halafu mdomo, na mtu anakutazama kutoka majini. Miaka sita sasa, na bado nikiona hivyo nashikwa na furaha ya kitoto, ingawa Bwana nikimwambia hivyo ananiambia nisafishe sinia.

Nakutumia filamu mbili. Usipige kuku.

Kuhusu mlango na mgongo sina dawa. Hilo ni la kwenu wenye nyumba.

Hukunijibu kuhusu mama mkwe.

Kaka yako,
Cassian


Nyaishozi
11 Machi 1956

Kaka,

Shikamoo. Mvua imeanza, njia ya Chonyonyo ni matope matupu, na Yustus hurudi ameshika viatu mkononi kama samaki. Mimi humkausha miguu kwa moto na yeye hunisimulia wanafunzi wake. Sidhani kama malkia yeyote ana jioni kama zangu.

Filamu ya kwanza imekwisha na yote imeharibika. Nilimwomba mama mkwe akae palepale mlangoni, lakini ageuke ubavu, nusu kwangu na nusu kwenye mwanga. Alikubali, akiniona kama mtoto anayecheza. Nikaweka kamera kwenye kigoda, nikafungua, nikaanza, "Baba yetu uliye mbinguni." Kaka, mama mkwe ni mama wa Rozari. Kusikia sala tu, akapiga ishara ya msalaba na kuinama.

Nikamwambia, "Mama, usitikisike."

Akasema, "Nisitikisike tukimwomba Mungu? Huko sekondari mlisalije?"

Tulirudia. Mara ya pili aliitika. Mara ya tatu jirani aliyekuwa akipita uani na kuni alituitikia "Amina" kutoka nje, akatua mzigo, akasubiri tumalize. Najua utapata humo mama mkwe mwenye mikono mitatu na asiye na uso.

Sasa nikujibu ulichoniuliza mara mbili. Sikuwa nimemwambia. Yustus anajua na ameniruhusu tangu siku ya kwanza, amesema atakuja Bukoba kila likizo hata kwa miguu. Lakini mama nilimwogopa. Juzi aliniuliza yeye mwenyewe, "Barua hizi nene zinazotoka kwa kaka yako zinasema nini?" Nikamwambia yote: duka la Bwana Menezes, miezi sita, kuanzia Mei.

Alikuwa akimenya ndizi. Akamenya mpaka kikapu kikaisha. Kisha akasema, "Mugole anayetoka kabla sijamtoa, watu watasema nilimnyima chakula." Akanyanyuka akaenda shambani kwenye mvua. Tangu hapo ananipikia vizuri kuliko zamani na haongei nami. Kaka, angenigombeza ningefurahi.

Imebaki filamu moja. Nawe hukunijibu kuhusu Bwana.

Kokuhirwa


Bukoba
19 Machi 1956

Mpendwa dada,

Mikono ni minne, nimehesabu. Bwana ameiona ile filamu ikikauka, akaniuliza kama kwetu kuna watakatifu.

Nikujibu. Nilimwambia kuna jamaa yangu wa Karagwe anayetaka kujifunza, nikaishia hapo. Hajawahi kumfundisha mwanamke, na niliona akikataa mapema hatatazama hata picha. Kila siku najiambia nitamwambia kesho. Niliona haya kukuandikia kuwa kaka yako ni mwoga.

Wewe leta picha. Mimi nitaleta mdomo.

Cassian


Nyaishozi
4 Aprili 1956, Jumatano baada ya Pasaka

Kaka yangu Cassian,

Shikamoo, na Pasaka njema. Hatujambo, sote hatujambo, na utaelewa kwa nini naandika haraka. Basi linaondoka mchana na Yustus amesimama nyuma yangu akinipulizia shingo.

Jana asubuhi mama mkwe aliingia na uji. Ilikuwa karibu saa tatu, jua limetoka baada ya mvua ya usiku, na mwanga umefika katikati ya mkeka. Mimi nilikuwa nimekaa mahali pangu nautazama. Akaweka bakuli chini, akaona ile michoro ya chaki ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Akauliza, "Hii ni nini?"

Nikamwambia ni njia ya mwanga. Nikamwonyesha penye saa tatu. Nikamweleza kwamba mtu akikaa pale nilipokaa, akatazama mlangoni, uso wake wote utaonekana, na kwamba kwa bahati mbaya anayekaa pale ni mimi, na mugole mahali pake hapakaliwi na mtu mwingine mpaka atolewe.

Akaugusa mchoro kwa kidole. Kisha akasema, "Desturi hiyo humu ndani inalindwa na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Basi nipishe."

Kaka, alivua kanga ya shambani, akajifunga nyingine safi, akaja kuketi juu ya mkeka wangu, mgongo ukutani, miguu ameikunja upande kama wasichana. Mimi nikapelekwa mlangoni. Ili nisionekane na wapita njia, akamwita Yustus, ambaye yuko likizo, akamwambia asimame njiani azuie watu. Nikaweka kigoda ubavuni mwa mlango nisiuzibe mwanga, na kamera juu yake.

Huko njiani nikamsikia katekista Ndyamukama akimwuliza Yustus, "Mama yupo?"

"Yupo, lakini haonekani leo."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Leo yeye ndiye mugole."

Katekista akasema, "Mwalimu, Pasaka imekwisha, pombe muiache sasa," na tukamsikia akienda zake.

Nilidhani mama mkwe atacheka. Hakucheka. Alikuwa akitazama mlangoni nilipokuwa, lakini sidhani kama aliniona mimi. Akasema polepole, "Nyumba ya nyasi ilikuwa papa hapa. Nilikaa miezi saba. Nilikuwa mzuri, Kokuhirwa. Kisha nikatolewa, nikapewa jembe, na uzuri ule hakuna aliyeuona ila mtu mmoja, naye amekufa."

Halafu akasema, "Sikukasirika kwa sababu ya watu na maneno yao. Miaka kumi na moja nimekaa nyumba hii sina mtu wa kuongea naye mchana. Umekuja, na sasa unataka kwenda."

Nikainama kwenye kamera. Akabaki vilevile, jicho moja limefumba kidogo. Nikavuta kijiti. Baba Yetu niliisema moyoni, bila hata kutikisa mdomo, mpaka ufalme wako ufike, nikafunga.

Ni picha moja tu. Sikuthubutu kupiga ya pili, na nyingine saba nimeziacha tupu. Nimeizungusha filamu mpaka mwisho, inakuja kwako pamoja na barua hii. Iangalie wewe kwanza. Kama ni masizi, usimwonyeshe mtu.

Hajaniambia niende wala nisiende. Lakini jana jioni alikaa nami mpaka Yustus akakohoa migombani.

Kokuhirwa


Bukoba
16 Aprili 1956

Mpendwa Kokuhirwa,

Hatujambo, Shangazi hajambo, salamu zote zimefika, soma haraka.

Filamu ilifika Jumatano tarehe kumi na moja, imelowa bahasha lakini ndani kavu. Niliisafisha mwenyewe, nikafunga mlango. Nilipoweka karatasi kwenye dawa nilikuwa natetemeka kama shemeji akicheka. Macho yakaja. Yakakaa majini yakinitazama, na mimi nikasahau kuhesabu, nusura niiharibu.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho, nilimwekea Bwana mezani. Akaichukua akaenda nayo dirishani. Akavua miwani, akaisogeza picha karibu na macho. Wateja wawili walikuwa wakisubiri, akawasubirisha.

Akauliza, "Huyu mama anamtazama nani?"

Nikasema, "Anamtazama dada yangu, Bwana. Ni mkwewe. Dada ndiye aliyepiga."

"Dada yako."

"Kokuhirwa. Mke wa mwalimu, Nyaishozi."

"Miezi minne unaniambia jamaa wa Karagwe."

"Ndiyo, Bwana. Niliogopa."

Akaigeuza picha, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna jibu huko, akaigeuza tena. Akasema, "Mke wangu ananiambia kila siku kwamba wanawake wakikaa mbele yangu wanakaa kama wako barazani kwa hakimu. Mimi humwambia ndivyo walivyo. Huyu mama hajakaa kwa hakimu." Kisha akawageukia wale wateja, mtu na mkewe, akawauliza, "Mama, ungependa upigwe na mwanamke?" Yule mama hakungoja mumewe ajibu.

Unaanza Jumatatu, tarehe saba Mei. Utakaa nasi kwa Shangazi, ameshatandika kitanda. Na mimi, kwa uwongo wa miezi minne, nimepewa sinia zote za dukani nisafishe mpaka utakapofika. Nasafisha nikiimba.

Nakutumia nakala mbili za picha hiyo, moja yako na moja ya Ma Xaveria. Lakini nafasi imepatikana kwa Bwana. Ruhusa ya mama mkwe wako bado.

Kaka yako mwenye fahari,
Cassian


Nyaishozi
2 Mei 1956

Kaka Cassian,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Baba na Mama wamekuja kutoka Mabira na wamelala kwetu, ndama naye hajambo. Hii naiandikia uani. Uani, Kaka, chini ya jua, na miguu yangu imesahau mawe.

Bahasha yako ilipofika nilimpa mama mkwe picha yake. Hakuwahi kuuona uso wake pichani maisha yake yote. Akaenda nayo mlangoni, mahali penye mwanga, hakuna aliyemfundisha. Alisimama muda mrefu sana. Yustus na mimi tulishikana mikono kama washitakiwa.

Mwisho akasema, "Kumbe." Akaitazama tena. "Sasa nimejua kwa nini marehemu mume wangu Apolinary hakuoa wa pili."

Yustus alishika mlango kwa kicheko. Mama mkwe naye akacheka, kimya kwanza, mabega tu, na hapo nikajua mume wangu alikitoa wapi kicheko chake.

Akaniambia, "Jumapili nakutoa. Nitawaalika watu, wakuone ulivyonenepa, asiwepo wa kusema nilikunyima. Jumatano jiandae, Ijumaa uende. Miezi sita uliyosema, mimi nitaihesabu." Nikapiga magoti nikamshukuru, nikalia kidogo. Akaniambia nisiloweshe picha.

Basi Jumapili nilitoka, nimepakwa samli, nimevaa kitenge alichoninunulia Yustus, na watu wa Nyaishozi wote walikuwepo. Lakini naona walinitazama kidogo tu. Picha ya mama mkwe ilikuwa ikipita kutoka mkono mpaka mkono, na yeye akiifuata nyuma akisema, "Shikeni pembeni, shikeni pembeni."

Nitapanda basi Ijumaa. Yustus atanisindikiza mpaka Kyaka, kisha arudi darasani kwake, na sijui nitamwachaje pale. Nimempiga marufuku kukohoa tukiagana. Amesema atanifuata likizo ya kwanza, na mimi nimesema nitampiga picha mia, zote zikiwa zimetikisika.

Leo asubuhi wamekuja wanawake watano, wengine wametoka Chonyonyo kwa miguu, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumatano. Walitaka kujua mpiga picha anaanza lini kazi. Nilifungua mdomo nijibu, lakini mama mkwe alinitangulia.

"Novemba," akawaambia. "Na msije wote siku moja."

Mdogo wako, mke wa Yustus, mkwe wa Ma Xaveria,
Kokuhirwa